Gramu Mia Moja na Tisini

Inspekta Fulvia Dapretto hakuwa mtu wa kumhoji yeyote kabla ya kikombe cha pili cha kahawa, na Alhamisi ile alikuwa amekwisha kunywa vitatu. Ule upepo mkali wa baridi uitwao bora ulikuwa umenyamaza baada ya siku nne za kuvunja miavuli ya watu wa Trieste. Jua la Machi lilikuwa limetoka, na mkubwa wake alikuwa amempa kesi isiyo na damu hata tone. Karatasi thelathini na nane zimepotea chuoni, basi. Alipanda ngazi za taasisi akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika alipofika mlangoni kwa Daktari Premuda.

Aldo Premuda, mkurugenzi wa taasisi, alikuwa na miaka hamsini na minane na tai iliyonyooshwa kwa pasi. Mezani kwake palikuwa na barua moja tu, imekwisha kupigwa chapa, inangoja sahihi.

"Sitaki kukupotezea muda, Inspekta," alisema. "Mwizi anajulikana."

"Afadhali, nitawahi chakula cha mchana. Ni nani?"

"Bi Nives Furlanich, mtunza nyaraka wetu. Inaniuma kusema. Ana miaka thelathini na mmoja hapa, na kesho ndiyo siku yake ya kustaafu."

"Na barua hiyo?"

"Inakwenda kwa mkuu wa chuo leo saa kumi na moja jioni. Atafukuzwa kwa wizi. Kesho hakutakuwa na sherehe wala kuagana. Siwezi kumwacha mwizi atoke na maua mkononi."

Kisha akaeleza, na Fulvia akasikiliza akiwa ameukunja mguu. Marehemu Profesa Egidio Marsich, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, alitumia umri wake wote kuuliza swali moja: mtu asiyejua litakalotokea, aamue vipi? Aliacha masanduku sitini na mawili ya makaratasi. Katika sanduku la kumi na saba mlikuwa na insha yake ya mwisho, "Kuamua Ukiwa Hujui", iliyoandikwa kwa mkono, haijachapishwa, haina nakala duniani. Jumanne, tarehe kumi na tano, sanduku lilifunguliwa na insha haikuwemo.

"Mmetafuta?"

"Masanduku yote yaliyoombwa na wasomaji mwezi huu tumeyapekua. Hamna kitu. Na funguo za stoo ziko mbili tu, wake na wangu."

"Wako umeingia stoo lini mara ya mwisho?"

"Mwezi mzima sijashuka huko," alisema Premuda, akainyoosha barua ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Fulvia alitazama vidole vile, akashukuru, akashuka ngazi.

Stoo ilikuwa chini kabisa, pakavu, panasikika harufu ya gundi na karatasi kuukuu. Bi Nives Furlanich alikuwa amesimama kati ya rafu amevaa koti la kazi la kijivu, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Mwanamke mfupi, nywele nyeupe pe, mdomo hauna breki.

"Umekuja na pingu, mwanangu?"

"Nimezisahau kwenye gari, Mama. Nimekuja na njaa tu."

"Basi tutaelewana. Weka hiyo kalamu."

"Kalamu gani?"

"Hiyo ya wino. Humu wino hauingii, hata ukiwa polisi, hata ukiwa askofu. Shika penseli." Akamtilia penseli mkononi kabla hajabisha. "Haya. Niulize kama nimeiba."

"Umeiba?"

"Sikuiba. Lakini ningekuwa mwizi ningekujibu hivyohivyo, kwa hiyo swali lako halina faida. Marehemu angekucheka."

Fulvia akacheka mwenyewe. Mama huyu alimpendeza tangu dakika ile, na akajionya, maana wezi wengi aliowakamata walikuwa watu wa kupendeza sana.

"Nionyeshe daftari," alisema.

Daftari lilikuwa kubwa, limejaa mistari ya penseli: namba ya sanduku, jina la msomaji, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Na pembeni, safu mbili ambazo Fulvia hakuwahi kuziona katika maktaba yoyote.

"Hizi gramu ni za nini?"

"Uzito. Kila sanduku linapimwa likitoka, linapimwa likirudi. Mizani ile pale niliitoa kwa muuza samaki aliyefunga duka. Niliisugua kwa siki wiki nzima mpaka ikasahau dagaa."

Fulvia akavuta kiti. Moyo wake ulifurahi; watu humdanganya askari kila siku, lakini mizani ya samaki haina sababu ya kudanganya.

Mstari wa tarehe nane Machi ulisema hivi: sanduku la kumi na saba, msomaji Corrado Benassai wa Pisa, limetoka gramu 4,310, limerudi saa tisa na dakika arobaini alasiri, gramu 4,310. Chini yake, tarehe kumi na tano: sanduku la kumi na saba, limetoka gramu 4,120.

"Gramu mia moja na tisini pungufu," alisema Fulvia.

"Karatasi moja gramu tano, mara thelathini na nane. Hesabu zinakwenda. Ndiyo maana Daktari anasema ni mimi. Sanduku lilirudi zima, likalala rafuni wiki nzima bila kuombwa na mtu, likatoka limepungua. Nani ana ufunguo? Mimi na yeye. Nani mkurugenzi? Siye mimi."

"Tarehe nane ulifunga saa ngapi?"

"Saa kumi badala ya kumi na mbili. Ilikuwa Siku ya Wanawake, mwanangu! Ulitaka nikae na masanduku wakati wenzangu wote wako mezani?"

Fulvia akaandika hilo kwa penseli.

Benassai alikuwa chumba cha kusomea ghorofa ya kwanza, kijana mrefu mwembamba aliyekuja kuandika kitabu juu ya marehemu. Bawabu alikuwa amekwisha kumshtaki: tarehe nane alimwona akitoka kalibana koti kwa mkono, kifua kimetuna kama cha njiwa. Fulvia alipomtajia jambo hilo, kijana akawa mwekundu hadi masikioni.

"Nani kasema?"

"Bawabu ana macho. Ulificha nini?"

"Siwezi kusema. Nitafukuzwa chumba cha kusomea."

"Ukinyamaza utafukuzwa na mimi, tena mbali zaidi."

Benassai akatazama mlango, akainama. "Presnitz," alinong'ona.

"Nini?"

"Keki, Inspekta. Ya jozi na zabibu kavu. Nilimnunulia mama yangu, ila nikawa nainyofoanyofoa humu ndani kutwa. Chakula hakiruhusiwi. Bi Nives akinijua ataniua."

"Mama yako aliipata?"

"Nusu."

Fulvia akajizuia asicheke. Kwa vyovyote uzito ulikuwa umemsafisha: sanduku lilitoka mikononi mwake lilivyoingia, gramu kwa gramu.

"Wewe ndiye uliyeisoma insha. Imeandikwa kwenye karatasi gani?"

"Takataka tupu! Migongo ya makaratasi ya zamani. Marehemu hakununua karatasi mpya tangu vita viishe. Kila alichoandika, nyuma yake kuna kitu kingine. Huko nyuma mimi wala sitazami tena."

Akitoka nje ya chumba kile Fulvia alikutana na ubao mweusi ukutani na kisanduku cha mbao chenye tundu. Ubaoni yalikuwa majina kwa chaki, na mbele ya kila jina tarakimu ndefu. La kwanza lilikuwa la Premuda. La pili, Furlanich. Juu ya ubao kulikuwa na kibao cha shaba chenye orodha ya miaka, na jina la Furlanich limerudiwa mara tisa. La Premuda halikuwemo hata mara moja.

"Huu ni mchezo gani?" alimuuliza Bi Nives, aliyekuwa anapanda na rundo la majalada.

"Si mchezo, ni dini ya hapa. Marehemu aliianza. Kila jambo lisilojulikana, mvua, mpira, nani atafaulu mtihani, tunaulizana swali la ndiyo au hapana. Unaandika kikaratasini namba yako, kati ya moja na tisini na tisa, jinsi unavyoamini kwamba jibu ni ndiyo."

"Sifuri na mia je?"

"Haziandikwi. Marehemu alisema mia ni namba ya Mungu na ya wapumbavu." Akavuta pumzi. "Ukweli ukijulikana, ndiyo ni mia, hapana ni sifuri. Unapima pengo kati ya namba yako na ukweli, unalizidisha kwa lenyewe, unaandikiwa ubaoni. Mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Msimu unaisha kesho."

"Na Daktari anaongoza."

"Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini. Marehemu alikuwa anamtania mpaka machozi yanamlengalenga. Sasa anapita hapa kila asubuhi kuutazama ubao. Anadhani hatumwoni."

Fulvia akakuna kidevu. "Kuna aliyewahi kuandika namba ya uongo? Ambayo haiamini?"

"Ili iweje? Hapo ndipo utamu ulipo, mwanangu. Ukiandika usichoamini unajichinja. Pengo dogo linasamehewa, pengo kubwa linakumaliza. Mwenzio unaweza kumdanganya. Ubao, huwezi."

Fulvia Dapretto akatabasamu kwa mara ya nne asubuhi ile, na hilo lilikuwa tabasamu la kazi.

Akawaita watatu wote kwenye ujia, mkurugenzi, mama na kijana, akawagawia vikaratasi na penseli.

"Mimi ni askari tu, hisabati ilinishinda shuleni," alisema. "Ninyi ndio wataalamu. Nisaidieni kwa swali moja, na liingie ubaoni kama maswali yenu mengine: je, insha ya marehemu bado imo ndani ya jengo hili?"

"Huu ni upuuzi," alisema Premuda. "Nimekwisha kukueleza imeibwa."

"Basi kwako ni rahisi, Daktari. Andika moja."

Bi Nives aliandika upesi, akakunja. Benassai alihesabu kitu kwa vidole, akaandika. Premuda alisimama. Aliinua penseli, akaishusha, akautazama ubao, akalitazama jina lake pale juu.  Mwishowe aliandika kwa haraka, akakunja karatasi mara nne na kuitumbukiza, akarudi ofisini bila kuaga.

Fulvia aliingia na kisanduku kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara. Akaagiza mkate na paja la nguruwe la moto lenye figili kali juu yake, akala nusu kwa raha zake huku figili ikimtoa machozi, ndipo akafungua.

Furlanich: hamsini.

Benassai: thelathini.

Premuda: themanini na tano.

Akaacha kutafuna. "Loo," alisema peke yake. "Kumbe!"

Mtu aliyemwambia askari kwamba mali imeibwa aliamini moyoni, karibu bila shaka, kwamba mali iko nyumbani. Mtu mwingine yeyote akilazimika kuchagua kati ya kuulinda uongo wake na kulinda nafasi yake ubaoni angeandika kumi na kwenda zake. Yeye ilimshinda. Ni watu wa jengo lile pekee duniani wangeweza kukosea hivyo.

Lakini themanini na tano si tisini na tisa. Alijua insha haikutoka nje, hakujua ilipo. Kwa hiyo hakuificha. Aliipoteza. Fulvia alimaliza mkate wake, maana hakuna kosa duniani linalohalalisha kuuacha, akarudi mbio.

"Mama Nives, masanduku uliyapima yalipoletwa mara ya kwanza?"

"Yote. Uzito uko kwenye lebo."

"Mlipekua yale yaliyoombwa tu. Sasa tunapima yote sitini na mawili. Benassai! Vua koti, na kama kuna keki ndani iache juu."

"Keki gani?" alisema Bi Nives.

"Keki ya kusemea tu, Mama."

Wakapima. Kijana anabeba, Fulvia anasoma mizani, Bi Nives anasoma lebo kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio. Masanduku mengine yalizidi gramu kumi, mengine tano.

"Unyevu," alisema Bi Nives. "Karatasi hunywa maji wakati wa mvua kama watu wanavyokunywa mvinyo."

Walikwenda hivyo saa nzima, na kwa kweli Fulvia aliona raha. Sanduku la ishirini, sawa. La thelathini na tano, sawa. Benassai alikuwa anatoka jasho, na Bi Nives anamtania kwamba vitabu vya Pisa havijengi misuli.

"La arobaini na nne," alisoma mama. "Utabiri wa mpira, 1965 hadi 1980. Gramu 5,020. Hilo pita, halijawahi kuombwa na binadamu."

Mizani ilisimama kwenye 5,210.

 Fulvia akaitikisa mizani kidogo, ikarudi palepale.

"Unyevu?" aliuliza.

"Labda wa mafuriko," alisema Bi Nives, na sauti yake haikuwa na utani tena.

Walifungua. Juu kabisa palikuwa na karatasi ya utabiri ya mwaka 1971, majina ya timu upande wa kushoto, namba za washindani kulia, kwa wino uliofifia.

"Geuza, Mama."

Bi Nives akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na mwandiko mdogo uliolala, mistari imebanana hadi pembeni: karatasi ya thelathini na nane, ya mwisho. Akageuza iliyofuata. Thelathini na saba. Akakaa juu ya ngazi ya rafu, mkono mdomoni.

"Mikono yangu," alisema. "Mikono yangu mwenyewe, Mungu wangu!"

"Ilikuwaje?"

"Tarehe tisa asubuhi. Niliyakuta kwenye meza ya dirishani, chumba cha kusomea. Nikasema, nani kayatoa haya ya mpira akayaacha? Nikaanza kusoma. Hii hapa, ona, jina langu. Wiki hiyo nilimshinda Profesa mwenyewe, Triestina ilifungwa nyumbani na ni mimi peke yangu niliyeona. Alininunulia kahawa mwezi mzima." Machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka. "Nikasimama pale nacheka peke yangu, nikayarudisha penye mpira. Nikasoma mgongo nikasahau tumbo. Miaka thelathini na mmoja!"

"Uliyakuta yameangalia chini yote?"

"Yote."

"Kama ya mtu aliyesoma mpaka mwisho, akigeuza kila karatasi akiimaliza," alisema Fulvia. "Nani aliyesoma pale baada ya wewe kufunga, Siku ya Wanawake?"

Mama aliinua macho kuelekea ofisini juu. Alifuta macho kwa mkono wa koti, akasimama, akalipangusa koti lake vumbi.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Kumi na nusu."

"Basi kuna swali lililopata jibu. Msimu una taratibu zake."

Walipanda na insha hadi ujiani penye ubao, na Premuda akaitwa, akaja na barua mkononi, kalamu imechomekwa mfukoni. Aliiona insha juu ya kiti, akaitazama, akafumba macho kidogo. Fulvia alikuwa amejiegemeza ukutani. Bi Nives alichukua chaki.

"Swali la leo," alisoma kwa sauti. "Je, insha imo ndani ya jengo? Jibu: ndiyo. Benassai, thelathini. Pengo sabini, alama elfu nne na mia tisa. Pole, kijana. Furlanich, hamsini. Alama elfu mbili na mia tano." Aliandika yake bila kupepesa. "Premuda, themanini na tano. Pengo kumi na tano. Alama mia mbili na ishirini na tano tu."

Akajumlisha chini, polepole, akarudia kuhakikisha, kwa haki ileile aliyokuwa nayo siku zote. Kisha akazungushia jina la juu duara.

"Bingwa wa mwaka ni Aldo Premuda. Jina lako litachongwa kwenye shaba. Hongera, Daktari."

Benassai alianza kupiga makofi. Alipiga mawili, akasita.

"Lakini Daktari," alisema, kwa nia njema kabisa, "ulijuaje?"

 Njia ya mwongo ni fupi, na ya Premuda ilikuwa imeishia ubaoni.  Mabega yakamshuka.

"Nilikuwa na mgeni," alisema. "Mchapishaji wa Torino. Nilitaka kumwonyesha. Sanduku nililirudisha, insha tukabaki tunaisoma. Tukaitwa chakula cha jioni. Nikasema nitairudisha asubuhi. Asubuhi haikuwepo."

"Na hukuandika daftarini," alisema Fulvia.

"Mkurugenzi haandiki daftarini."

"Na siku tisa ukanyamaza."

"Nilidhani itatokea. Kisha nikaogopa." Alimtazama Bi Nives, kwa mara ya kwanza siku ile. "Nives, nimekukosea. Sina neno lingine."

"Lipo lingine," alisema mama. Alilileta daftari, akalifungua tarehe nane Machi, akaweka kidole kwenye nafasi chini ya mstari wa Benassai. Akachomoa kalamu ya wino mfukoni mwa mkurugenzi, akamtilia penseli. "Sanduku la kumi na saba. Jina lako. Saa uliyotoa. Karatasi ulizobakisha mezani."

Premuda akaandika.

"Na uzito, Daktari."

Akaandika: gramu mia moja na tisini.

Fulvia aliondoka ukutani. Alisema maelezo kamili ya Daktari atayataka kesho saa tatu kituoni, na kwamba mkuu wa chuo atasomewa daftari hilo, si barua. Premuda aliitikia kwa kichwa. Barua ilikuwa bado mkononi mwake, akawa kama hajui aiweke wapi, na Bi Nives akaichukua kwa upole, vidole viwili, jinsi alivyochukua karatasi zote maishani mwake. Aliisoma hadi mwisho. Kisha akaigeuza.

Mgongo ulikuwa mweupe, safi. Akaiweka juu ya daftari, akachukua penseli yake, akaanza kuandika kwa herufi kubwa: KESHO SAA KUMI. KAHAWA. MVINYO. PRESNITZ MBILI.

"Tatu," alisema, akamtazama Benassai juu ya miwani. "Huyu anakula moja peke yake. Ulidhani aliyefuta makombo ni nani, mwanangu, panya?"

Kijana akatamani ardhi immeze.

"Nawe Inspekta, utakuja? Toa namba kwanza."

"Mia," alisema Fulvia.

"Haiandikwi hapa."

"Basi tisini na tisa, Mama."

Bi Nives akaiandika mgongoni mwa barua, akaizungushia duara.